“Mafuta yamepanda”: kisa cha mwalimu wa chuo aliyeanza kusahau

Kisa hiki kilitokea Pemba, kwenye kliniki ninayofanya kazi. Nakiandika kwa ajili ya madaktari wenzangu, wauguzi na wahudumu wa afya wa jamii wanaokutana na wazee wanaosahau, na kwa ajili ya watoto wa wazee hao. Familia imeridhia kiandikwe. Jina, kijiji na baadhi ya mambo ya nyumbani nimeyaondoa au kuyageuza ili mwenyewe asijulikane. Humu nitamwita Bi Mkubwa.

## Usuli

Bi Mkubwa ana miaka 71, ni mjane, mama wa watoto saba. Kwa zaidi ya miaka thalathini amesomesha Kurani watoto wa jirani ukumbini kwake, juu ya jamvi; hicho ndicho chuo chake. Skuli hakwenda. Herufi za Kiarabu anazisoma bila ya kusita, za Kirumi hazijui. Nalitaja hili mapema kwa sababu baadaye lilikaribia kutupotosha.

Presha anayo kwa zaidi ya miaka kumi, na dawa zake alikuwa akizinywa siku ambazo kichwa kinamuuma tu. Watoto wake wawili wako Unguja, mmoja Maskati, mmoja Uingereza, watatu wako hapa kisiwani. Anaishi na binti yake wa tano, ambaye wakati kisa kinaanza alikuwa ameolewa karibuni.

## Dalili zilivyoanza

Aliyegundua mwanzo alikuwa mwanafunzi. Msichana wa miaka kumi na moja alikuwa akimsomea Yasini. Mwalimu huyu alizoea kumkosoa mtu huku yeye yuko jikoni, bila ya msahafu mbele yake. Siku hiyo alimrudisha mtoto kwenye aya moja mara tatu, kila mara akidhani hawajaifika. Mtoto alikwenda kumwambia mama yake kwamba mwalimu anaumwa.

Baada ya hapo mambo yakafuatana. Alikwenda kupokea pencheni jamii, ile ambayo Serikali ya Mapinduzi inawapa wazee wa miaka 70 na zaidi tangu 2016, akarudi nayo nyumbani, na baada ya adhuhuri akavaa buibui aende tena kuipokea. Ulipoingia msimu wa karafuu akakaa na wanawake wenzake kuchambua, na pakacha lake likaonekana lina karafuu na makonyo pamoja. Kazi hiyo ameifanya tangu mtoto mdogo. Wenzake walinyamaza, wakamchambulia upya alipokwenda kusali.

Nyumbani walimsomea, wakampa kombe, yaani maji yaliyooshea aya zilizoandikwa kwenye sahani. Sina la kulaumu hapo. Kombe halikumzuia kuja hospitali hata siku moja. Kilichomchelewesha ni neno “uzee”. Kila aliyeulizwa alisema ni uzee, na miezi tisa ikapita.

## Ziara ya kwanza

Alikuja na binti yake kwa sababu ya kizunguzungu, na habari ya kusahau ikatajwa mwishoni, wakiwa wameshasimama. Presha ilikuwa 178 kwa 96. Sukari ilikuwa sawa. Nilimpima mafuta ya damu: lehemu (kolesteroli) yote 7.1, na ile ya LDL, ambayo ikizidi huharibu mishipa, 4.8, vipimo vya milimoli kwa lita. Nikampanga dawa ya presha na dawa ya kushusha lehemu, nikawaambia warudi baada ya miezi mitatu.

Kisha nikasema sentensi moja ambayo ndiyo sababu ya kuandika kisa hiki: “Mafuta yamepanda, mama, na yakipanda yanaziba mishipa.” Niliposema mishipa niligusa upande wa kichwa changu, kwa kuwa mawazoni nilikuwa na kiharusi. Binti akatikisa kichwa kwamba amefahamu. Sikumuuliza amefahamu nini.

## Ziara ya pili

Miezi mitatu baadaye mizani ilionyesha kilo 52. Mara ya kwanza ilikuwa 58. Nguo zilimpwaya begani na mashavu yamebonyea. Nilihofia saratani, nilihofia kifua kikuu, nikaanza kuuliza habari ya homa na kikohozi. Binti akanikatiza kwa adabu:

“Daktari, wewe ulisema mafuta yamempanda kichwani. Tumemwachisha nazi. Tumemwachisha na samaki wa kukaanga, na mchuzi wa papa, na boko boko. Anakula uji mtupu na muhogo wa kuchemsha.”

“Yeye mwenyewe anasemaje?”

“Anasema hana njaa. Hapo zamani akidai wali wa nazi mpaka tunacheka. Siku hizi hadai tena.”

Kwa Pemba, kumwachisha mtu nazi ni kumwachisha karibu kila chakula anachokitambua kwa harufu. Mzee anayesahau, hamu yake ya kula huwa imeshapungua tangu mwanzo, na kupungua uzito humzidishia udhaifu na humkaribisha kuanguka. Familia ile ilifanya kwa mapenzi, na ilifanya sawasawa na maneno yangu yalivyowaelekeza. Kosa lilikuwa langu.

Siku hiyo nilimkalisha kwa muda mrefu. Nilikuwa na kipimo cha kumbukumbu cha kuandika sentensi na kuchora saa, nikaanza nacho, na alama zikawa mbaya mno. Kisha nikaona ninachokipima ni skuli aliyokosa. Nikageukia kipimo cha IDEA, kilichotengenezwa na kujaribiwa wilayani Hai, Kilimanjaro, kwa ajili ya wazee wasiosoma: orodha ya maneno kumi ya kukumbuka, kutaja wanyama kwa dakika moja, kupanga njiti za kiberiti kwa kuigiza umbo. Nilipomwekea njiti mezani alizitazama kwa makini, akazisimamisha moja moja sambamba, akasema, “Hizi alifu nne.” Umbo hakuliigiza. Katika maneno kumi alikumbuka moja. Alipata 7 kati ya 15, na hapo shaka ikawa kubwa.

Na wakati anazitazama njiti niliona jambo jengine. Alikuwa akizisogeza karibu kabisa na uso, kwa jicho la kushoto tu. Jicho la kulia lilikuwa na mtoto wa jicho aliyekomaa, na la kushoto lilikuwa limeanza.

## Mate, karatasi mbili na kundi la WhatsApp

Kijana aliyeko Uingereza alikuja kwa Idi. Alikuja na kichupa cha kupimia jeni kilichonunuliwa mtandaoni. Bi Mkubwa alitema mate kwa sababu mwanawe kamwambia ateme, basi. Wiki chache baadaye majibu yalifika: jeni ya APOE, inayohusishwa na Alzheimer, ugonjwa wa kusahau, herufi e4 na e4. Kijana aliipiga picha karatasi na kuiweka kwenye kundi la familia, watu thelathini na ushei, pamoja na maneno haya: “Jamani, jibu tumelipata.”

Aliipeleka pia damu ya mama kwenye maabara moja ya Bara ili ipimwe kiwango cha apoE yenyewe, protini inayotengenezwa kwa jeni hiyo. Jibu: iko chini. Akaniandikia kuomba mama achomwe sindano ya mgongo, ili maji ya uti wa mgongo nayo yapimwe protini hiyo na nyenziwe.

Baada ya siku mbili binti wa tano alikuja peke yake, mjamzito wa miezi mitano. Alikuwa amekwishatafuta maana ya herufi zile. “Mama ana mbili,” alisema. “Basi mimi ninayo moja. Na huyu?” Akaweka mkono tumboni.

Alikuwa amehesabu sawa. Kila mtoto hupokea herufi moja kwa mama na moja kwa baba, na mama mwenye e4 mbili hana nyengine ya kutoa. Karatasi moja ya mate ilikuwa imewapima ndugu sita ambao hawakuombwa ruhusa, na imewafikia kwa simu, mmoja akiwa dukani, mmoja akiwa kazini, mmoja akiwa mjamzito.

## Kikao cha familia

Niliomba kikao nyumbani kwao, na walio mbali wakasikiliza kwa simu. Nililohitaji kwanza ni kulirudisha neno langu la “mafuta yamepanda”. Nilieleza hivi.

Mafuta hayachanganyiki na maji, na damu ni maji. Kwa hiyo lehemu haiwezi kusafiri peke yake, lazima ipakiwe. Chombo ni lipoproteini, na juu ya kila chombo kuna protini inayojua bandari gani ya kutia nanga. ApoE ni mmoja wa manahodha hao. ApoE ya kwenye damu hutengenezwa zaidi na ini. ApoE ya kwenye ubongo hutengenezwa humo humo, zaidi na seli zinazozitunza seli za neva. Baina ya damu na ubongo kuna kizuizi, na manahodha wa ini hawavuki. Ubongo una karibu robo ya lehemu yote ya mwili, na karibu yote unaitengeneza wenyewe. Nazi ya Bi Mkubwa haikuwa inaingia huko.

Ushahidi wake ni mzuri, na niliwasimulia kwa sababu ulimkaa vizuri kaka mkubwa. Mwaka 1991 watafiti walichunguza wagonjwa waliopandikizwa ini la mtu mwengine. Baada ya upasuaji apoE ya damu yao iligeuka ikawa ya aina ya aliyetoa ini. Ile ya maji ya uti wa mgongo ilibaki ya aina yao ya asili. Mtu mmoja, apoE za aina mbili, na hazikuchanganyika. Vivyo hivyo LDL: protini inayoibeba, apoB, karibu haionekani kwenye maji ya mgongo. Vyombo vya huko ni vidogo na vizito, vinafanana zaidi na HDL, aina nyengine ya chombo cha lehemu kwenye damu.

“Kumbe ulitwambia tuache nazi bure,” alisema mume wa binti. Nilijibu kwamba sikuwaambia waache nazi, lakini niliacha wafahamu hivyo, na naomba radhi. Wali wa nazi ulirudi usiku ule ule.

Hata hivyo sikutaka watoke pale wakidhani lehemu haina neno. LDL ikiwa juu miaka ya ukubwani huharibu mishipa, na mishipa ndiyo inayoulisha ubongo. Kamisheni ya jarida la kitabibu la Lancet ya mwaka 2024 iliongeza mambo mawili kwenye orodha yake ya visababishi vya ugonjwa wa kusahau vinavyoweza kuzuilika: LDL iliyo juu, na upungufu wa kuona usiotibiwa. Bi Mkubwa alikuwa navyo vyote viwili, na kila siku tulikuwa tunazungumzia mate yake.

## Tuliyoamua

Sindano ya mgongo hatukuipiga. Kijana hakufurahi, na alikuwa na haki ya kupewa sababu.

Ya kwanza: kwenye maji ya mgongo, viashiria vinavyotumika kumtambua mgonjwa wa Alzheimer ni amiloidi beta 42, protini inayojikusanya ubongoni, ambayo kwenye maji hayo hushuka, na protini ya tau, ambayo hupanda. ApoE na mwenzake apoJ, yaani klasterini, bado ni mambo ya watafiti. Hakuna kiwango ambacho daktari anaweza kukitazama akasema huyu anao, huyu hana. Hata kipimo cha damu kilichoruhusiwa Marekani Mei 2025 kinapima tau na amiloidi, hakipimi protini za mafuta.

Ya pili ni ya kimaabara, na wengi hawaijui. Amiloidi beta 42 hunata kwenye kuta za kioo na za baadhi ya plastiki. Ukikinga maji ya mgongo kwenye mrija usio wa polipropilini, aina ya plastiki, sehemu ya amiloidi hubaki ukutani na majibu yanatoka “chini”, na chini ndiyo alama ya ugonjwa. Mrija tu unaweza kumpa mtu Alzheimer. Sampuli yetu ingepanda boti, ikasubiri, ikapanda ndege. Sikuwa tayari kumchoma mama wa miaka 71 kwa jibu ambalo nisingeweza kulitetea.

Ya tatu ndiyo iliyoamua. Kama majibu yangetoka ya kuaminika kabisa, yangebadilisha nini? Dawa mpya za kuondoa amiloidi, kama lecanemab iliyopewa idhini kamili Marekani mwaka 2023, hazikuwa mbele yetu. Zinahitaji kutundikiwa dripu mara kwa mara na picha za MRI za kufuatilia uvimbe na kuvuja damu ubongoni. Na wenye e4 mbili ndio wanaopata madhara hayo zaidi. Onyo hilo limeandikwa kwenye dawa yenyewe.

Badala yake tulimpeleka Unguja kupigwa picha ya kichwa ya CT. Ilionyesha makovu madogo ya mishipa iliyoziba zamani kwenye sehemu nyeupe ya ubongo, na kusinyaa kwa sehemu za pembeni zinazohusika na kumbukumbu. Kipimo cha tezi ya shingo, vitamini B12, virusi vya UKIMWI na kaswende havikuonyesha tatizo. Tukaandika: huenda ni ugonjwa wa kusahau wa mchanganyiko, Alzheimer pamoja na mishipa midogo. Dawa za presha zikawa za kila siku, binti akizipanga kwenye kisanduku chenye siku saba. Dawa ya lehemu tuliiendeleza kwa ajili ya mishipa. Jicho la kulia likafanyiwa upasuaji.

## Matokeo

Miezi kumi na minne tangu ziara ya kwanza, uzito ni kilo 57 na presha 138 kwa 82. Kusahau kunaendelea, polepole. Majina ya wajukuu wadogo yamempotea, ya wakubwa anayo. IDEA ilipopimwa tena baada ya upasuaji wa jicho alipata 8, na ile alama moja iliyozidi ilitoka kwenye njiti za kiberiti.

Msimu uliofuata alikaa tena kuchambua karafuu. Pakacha lilitoka safi. Lile kosa la mwanzo, ambalo sote tulilihesabu kuwa dalili ya akili, kwa sehemu kubwa lilikuwa jicho. Yasini haikurudi. Sasa yule msichana aliyemgundua anakaa kando yake wakati wa darasa, na mwalimu akipotea mtoto huanza aya inayofuata kwa sauti ya chini, mwalimu akadaka.

Binti alijifungua salama. Hakupima jeni, na ameamua asipime.

## Uchambuzi

Kilichofanya kazi hakikuwa cha gharama. Kikao kimoja cha nyumbani kilirudisha kilo tano. Kipimo kinachomfaa mtu asiyekwenda skuli kilituzuia tusimwandikie mwalimu wa chuo ujinga. Kumtazama anavyoshika njiti kulituonyesha tatizo la jicho. Na kuukataa utaratibu mkubwa baada ya kujiuliza utabadilisha nini kuliokoa fedha ambazo watoto walikwisha kuanza kuchangishana.

Karatasi mbili za kijana zinahitaji maneno zaidi, maana nimeshaona nyengine za namna hiyo mikononi mwa familia nyengine.

ApoE ya damu kuwa chini haikuwa jibu la pili lililothibitisha la kwanza. Wenye e4 kwa kawaida wana apoE ndogo kwenye damu. Karatasi ya pili ilirudia tu, kwa sauti nyengine, lililosemwa na ya kwanza. Ni kweli kwamba uchunguzi wa Copenhagen uliochapishwa mwaka 2015, wa watu zaidi ya 75,000, ulikuta wenye apoE ndogo kwenye damu wanaugua zaidi ugonjwa wa kusahau, hata ukiweka kando herufi za jeni. Lakini hayo ni maelezo ya umma wa watu. Mwenye nyingi anaweza kuugua na mwenye ndogo akazeeka na akili zake. Kwa mtu mmoja aliyekaa kwenye kiti mbele yako, namba hiyo haikati neno.

Herufi zenyewe nazo zisomwe kwa uangalifu. Tangu mwaka 1993, timu ya Allen Roses ya Chuo Kikuu cha Duke ilipoonyesha uhusiano wa e4 na Alzheimer, tarakimu zimetajwa sana: e4 moja huongeza hatari kama mara tatu, mbili kama mara kumi na mbili. Tarakimu hizo zimetoka zaidi kwa watu wenye asili ya Ulaya. Utafiti wa miaka mingi uliolinganisha Wayoruba wa Ibadan na Wamarekani weusi wa Indianapolis ulikuta Ibadan ugonjwa ni mchache kwa kiasi kikubwa, ingawa e4 wanayo kwa wingi, na nguvu ya e4 haikuonekana kama ilivyo Ulaya na Marekani. Kuichukua mara kumi na mbili ya huko na kumvisha mama wa Pemba ni kosa la kitaalamu. Nilimwambia hivyo binti yake, na ndilo neno lililomfanya alale usiku ule, kwa alivyoniambia.

Lililofeli kwa upande wa familia ni ruhusa. Bi Mkubwa wakati ule alikuwa bado na uwezo wa kuulizwa na kujibu, hakuulizwa. Watoto sita hawakuulizwa. Simlaumu kijana kwa ukali, kwa sababu yuko mbali na mama yake anaumwa, na karatasi ilikuwa kitu pekee alichoweza kumletea. Lakini majibu ya jeni yanastahili faragha zaidi ya majibu ya malaria, maana mwenye nayo si mmoja.

Lililofeli kwa upande wangu nimeshalisema. Naongeza tu kwamba lisingetokea kama ningetumia dakika moja kumwomba binti anieleze kwa maneno yake atakwenda kufanya nini nyumbani. Sasa tunafanya hivyo kwa kila mgonjwa wa lehemu, na muuguzi wetu anauliza waziwazi: “Nazi mtaifanyaje?” Majibu anayoyapata yanatisha. Nusu yao walikuwa wanakwenda kuiacha kabisa, na mmoja alikusudia kumwachisha na mtoto wa miaka miwili.

Kijana wa Uingereza ameniandikia tena mwezi uliopita. Anataka kujipima mwenyewe. Nimemwambia apime akiwa na mshauri wa jeni kabla na baada, na majibu yasiingie kundini. La pili amekubali. La kwanza bado tunazungumza.